Subira Iliyofunga Kikoi: Somo Kuhusu Neno "Embodiment"

Mwaka huu wahariri wa jarida letu wamenipa kurasa hizi nizungumzie neno moja tu, tena si la Kiswahili. Msishangae. Neno hili liliniaibisha mbele ya shule nzima, na tangu siku hiyo sijalala vyema mpaka nilielewe.

Mambo yalikuwa hivi. Muhula wa pili chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mashindano ya tafsiri baina ya mabweni. Tulipewa kifungu cha Kiingereza kuhusu babu mmoja mvuvi aliyekaa pwani siku nyingi akishona nyavu zake, samaki wapo samaki hawapo, yeye hanung'uniki. Mwisho wa kifungu mwandishi akasema kwamba babu yule alikuwa "embodiment" ya subira. Mimi nilikuwa nimefika hapo bila kosa hata moja. Nikalitazama neno, nikaona ndani yake kuna "body", yaani mwili. Nikajiambia, ah, rahisi! Nikaandika, nikasoma kwa sauti ya kishujaa: "Babu alikuwa mwili wa Subira."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mtu mmoja wa bweni la pili akasimama akauliza kwa sauti ya huzuni, "Na mazishi ni lini?"

Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Katika Kiswahili ukisema "mwili wa fulani" bila maelezo mengine, msikilizaji anafikiria chumba cha maiti. Ndivyo redio inavyotangaza: mwili wa marehemu utasafirishwa. Juu ya hayo Subira ni jina la mtu. Basi nikawa nimemuua msichana wa watu na kumgeuza babu wa watu kuwa maiti yake!

Kicheko nilikivumilia. Kilichoniuma ni maneno ya mwenzetu mmoja wa chama cha mdahalo, aliyesema tulipokuwa tukitoka kwamba kosa halikuwa langu, kosa lilikuwa la lugha. Ati Kiswahili ni cha soko, matatu na mpira, hakina nafasi ya mawazo mazito. Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ndiyo jibu, na kama ni refu mno, alaumiwe yeye.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi chake, "embody", kimeundwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni kiambishi ambacho Kiingereza kilikipata kwa Kifaransa, nacho Kifaransa kilikipata kwa Kilatini, chenye maana ya "ndani" au "kutia ndani". Cha pili ni "body", neno la Waingereza wenyewe tangu kale. Ukiviunganisha unapata "kutia mwilini". Waingereza walianza kulitumia katika karne ya 16, na mwanzoni lilihusu zaidi roho: roho haionekani, ikitiwa mwilini inaonekana. Baadaye likapanuka. Kitu chochote kisichoshikika, kama haki, woga, upole, ubahili au uzalendo, kikipata umbo ambalo macho yanaweza kuliona na mkono kuligusa, basi umbo hilo ndilo "embodiment" yake.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wetu hulikosea. Si kila mfano ni "embodiment". Kiranja wetu wa bwalo akikuongezea maharagwe siku moja, huo ni mfano wa ukarimu. Lakini kesho yake akikunyima hata mchuzi, utasema nini? Neno hili halimhusu mtu aliyefanya tendo moja. Linamhusu yule ambaye ukimtazama huoni mpaka kati yake na sifa yenyewe. Ukilitaja jina la sifa, sura yake inakujia, na ukimtaja yeye, sifa inakujia. Ndiyo maana neno halifai kutumiwa ovyo. Nimeona insha za Kiingereza ambamo kila mtu ni "embodiment" ya kitu, kuanzia mjomba hadi mbwa wa jirani. Likitumiwa hivyo linakuwa kama chumvi iliyomwagika.

Tena halihusu watu peke yao. Sheria inaweza kutia mwilini wazo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imetaja maadili ya kitaifa kama vile uzalendo, utawala wa sheria, usawa na uadilifu. Hayo yote ni mawazo. Huwezi kuyapima kwa kilo. Yalipoandikwa katika kifungu chenye nambari, raia akapata mahali pa kuweka kidole na kusema, "Hapa, soma hapa." Kwa matumizi kama hayo sisi husema sheria "imebeba" wazo fulani, au "imejumuisha", na hakuna haja ya kuhangaika na mwili.

Neno hili lina ndugu zake, na ni vyema kuwajua ili usimwite mmoja kwa jina la mwenzake. Yuko "incarnation", lililotoka kwa Kilatini, na kiini chake ni nyama. Hilo lina uzito wa dini. Yuko "personification", ambalo ni kukipa kisicho mtu tabia za mtu. Mzizi wake ni neno la Kilatini lililotumiwa kwa kinyago cha mwigizaji jukwaani. Hili sisi tunalifahamu darasani kwa jina la tashihisi, na wengine huliita uhuishi. Yuko "epitome", la Kigiriki, ambalo asili yake ni kukata na kufupisha, yaani muhtasari. Mtu akiitwa hivyo ni kana kwamba sifa nzima imefupishwa ikawa yeye. Na yuko "reify", wanalolipenda wanafalsafa, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu. Hilo aghalabu ni lawama: umechukua wazo tu ukaanza kulifanya kana kwamba ni kitu kilichopo. Mathalan mtu akisema "soko limekataa", kana kwamba soko lina kichwa cha kutikisa.

Haya, turudi nyumbani. Je, Kiswahili kinasemaje?

Kwanza niwaambie kwamba neno la moja kwa moja lipo, ila lina makao yake. Wakristo, hasa Wakatoliki, wana neno "umwilisho". Limetokana na mwili kabisa, likatiwa viambishi kama kawaida yetu, na linahusu imani yao kwamba Mungu alitwaa mwili wa binadamu. Ni neno zuri na limejengwa vizuri. Lakini ukisema babu mvuvi alikuwa "umwilisho wa subira", msikilizaji ataketi wima kama yuko kanisani. Mimi singelitumia kwa babu.

Niliporudi kwa mwalimu mlezi wa chama, baada ya aibu yangu kupoa, hakunipa neno. Aliniuliza swali: "Nyumbani kwenu mkimwona mtu mkarimu kupita kiasi, mama yako husemaje?" Nikafikiri. Nikasema, "Husema, 'Yule ni ukarimu wenyewe.'" Akanyamaza, akanitazama, akaendelea kusahihisha vitabu vyake.

Naam! Lilikuwa mdomoni mwa mama siku zote. Kile kivumishi "-enyewe" ndicho kinachofanya kazi yote. Ukisema "ana ukarimu", yeye ni mtu, na ukarimu ni mzigo alioubeba, anaweza kuutua. Ukisema "ni mkarimu", umempa sifa. Lakini ukisema "ni ukarimu wenyewe", umeondoa mpaka. Angalia upatanisho wake ufuate sifa na usimfuate mtu: ukarimu wenyewe, haki yenyewe, subira yenyewe, upole wenyewe. Mtu akisema "yeye ni ukarimu mwenyewe" amechanganya mambo, na kalamu nyekundu itampitia.

Jirani yake ni "-tupu". Maneno yake ni uongo mtupu. Siku ile ilikuwa furaha tupu. Hapa wazo limekijaza kitu hadi hakuna nafasi ya kingine. Hata hivyo masikio yangu huiona "-tupu" ikikaa vyema zaidi kwa mambo na maneno kuliko kwa watu. Halafu kuna "kielelezo cha" na "mfano halisi wa", maneno ya magazeti na hotuba. Ni sahihi na hayana ubaya, lakini ni baridi kidogo, kama chai ya saa nne iliyoachwa mezani mpaka saa sita. Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, hotuba zitasema alikuwa kielelezo cha utunzaji wa mazingira. Sawa. Lakini watu wanaokumbuka jinsi alivyosimama kidete kuitetea Bustani ya Uhuru mwaka 1989 na msitu wa Karura miaka iliyofuata wanaona kwamba "kielelezo" hakimtoshi.

Na njia ya nne, niipendayo kuliko zote, ni kulivisha wazo nguo au kulipa miguu. Ukarimu uliovaa kanzu. Uchoyo wenye miguu miwili. Uvivu unaotembea, huo hapo waja. Wazee hutania hivi kila siku bila kujua wanafanya kile ambacho Kiingereza hukifanya kwa neno lake refu.

Sasa nifike mahali ambapo Kiswahili, kwa maoni yangu, kina jambo ambalo Kiingereza hakina kabisa. Nalo ni ngeli.

Tazama majina ya watu: Amani, Neema, Baraka, Rehema, Imani, Subira, Tumaini. Yote ni mawazo yasiyoshikika. Sasa linganisha: "Amani imekuja" na "Amani amekuja." Sentensi ya kwanza inahusu vita vilivyokwisha. Ya pili inahusu mwanafunzi aliyechelewa na sasa yuko langoni na sanduku lake. Kilichobadilika ni kipande kidogo tu, "i" ikawa "a", na papo hapo wazo limepata mikono, miguu na karo ya shule. Kiingereza kikitaka kufanya hivyo lazima kiandike herufi kubwa, na msikilizaji asiyeona karatasi hawezi kuisikia herufi kubwa. Sisi twaisikia. Rais wetu wa nne alizaliwa mwaka 1961, miaka miwili kabla ya nchi kupata uhuru, akaitwa Uhuru. Tangu hapo tunasema "Uhuru alisema" na "uhuru ulipatikana", wala hakuna mtoto anayechanganyikiwa.

Jambo hili liliniponza mimi katika insha. Niliandika: "Njaa alibisha mlango wetu alfajiri, akaingia bila kukaribishwa, akaketi." Kalamu nyekundu ikapita: ilibisha, ikaingia, ikaketi. Alama mbili zikaenda. Nikapeleka malalamiko yangu kwa mlezi. Nikamwambia, mbona Sungura na Fisi katika hadithi huzungumza kwa "a"? Mbona katika ngano Kweli na Uongo huitwa watu wawili waliosafiri pamoja? Kama Uongo anaweza kupanda punda, kwa nini Njaa asiweze kubisha mlango?

Alinijibu kwa haki, nami nasema alikuwa na hoja. Alinionyesha sentensi yangu iliyofuata, nilipoandika "njaa hiyo ilituuma mpaka jioni." "Ulimleta mgeni," akasema, "ukamketisha, halafu ukamgeuza kuwa tumbo." Kosa langu halikuwa kumpa Njaa mwili. Kosa lilikuwa kumpokonya mwili huo katika sentensi ya pili bila kumweleza msomaji. Ukitaka wazo liwe mtu kwa upatanisho wa "a", basi liwe mtu mpaka mwisho wa kisa, liwe na nia, liseme na kujibiwa. Kama unataka tashihisi ya kupita tu, ngeli ya kawaida yatosha, maana hata "ikaketi" ina uhai ndani yake. Alama moja alinirudishia. Nyingine bado naidai.

Na hata tusipokuwa tunatunga, lugha yetu ina mazoea ya kulifanya wazo liwe mtendaji na mtu awe mtendwa. Usingizi umenichukua. Woga ulimwingia. Haya zilimshika. Hasira zikampanda. Mtu amekaa kimya, mawazo ndiyo yanayotembea, yanaingia na kupanda na kushika. Mwenzangu wa mdahalo ajiulize ni katika soko gani mambo haya huuzwa.

Lakini nisije nikaonekana ni mtu wa maneno tu. Kuna vitu. Bartholdi, mchongaji wa Ufaransa, aliufanya uhuru kuwa mwanamke mwenye mwenge, na sanamu hiyo ilizinduliwa New York mwaka 1886. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mwenge uliwashwa na kuwekwa juu ya Kilimanjaro. Hakukuwa na sanamu ya mtu, moto wenyewe ulitosha. Na pwani yetu ya Kenya ilikuwa imefanya jambo hili zamani za kale. Mtakaobahatika kwenda Lamu, ingieni makumbusho mkaitazame siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe za ndovu ya Pate. Ni baragumu kubwa, zilizopulizwa katika sherehe za wenye mamlaka na za familia tukufu. Si kila mtu aliruhusiwa kuipulizisha harusini mwake. Mamlaka, ambayo hayaonekani, yalipata koo na sauti. Kisha tazameni kile kiti kirefu cha mpingo kilichotiwa mapambo ya pembe, chenye mahali pa kuwekea miguu. Kinaitwaje? Kiti cha enzi. Enzi ni nguvu na utukufu, neno lile lile lililo ndani ya "Mwenyezi". Waswahili waliuchonga ukuu wakauwekea miguu minne na mgongo.

Hata hivyo kiti na siwa ni ishara, na mtu akisema ni alama tu sitamgombeza. Kuna kitu kingine pwani hiyo hiyo ambacho kukiita alama ni kukosea kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba tafsiri ya neno hili si mchezo wa mabweni.

Nazungumzia vigango vya Wamijikenda, hasa Wagiriama. Mzee aliyekuwa katika chama cha heshima cha Gohu akifariki, jamaa zake humsimamishia nguzo ya mti iliyochongwa, yenye kichwa, kiwiliwili kirefu na nakshi za pembetatu. Kwa macho ya mgeni ni sanamu ya ukumbusho, kama tunavyoweka picha ya babu ukutani. Kwa wenyewe si picha. Roho ya mzee iko pale. Hutunzwa na kupewa tambiko, na familia ikihama kigango hakihamishwi.

Basi katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikavuka bahari hadi majumba ya makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Aliyenunua aliandikiwa kwamba amenunua sanaa inayowakilisha wahenga. Neno hilo "inayowakilisha" ndilo lililofanya biashara iwe safi machoni pake. Kitu kinachomwakilisha mtu chaweza kuuzwa, kwani mtu mwenyewe yuko kwingine. Lau karatasi ingesema kwamba huyu ndiye mzee mwenyewe, ingekuwa vigumu kuandika bei chini yake. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho mawili ya Marekani, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver yakakubali kuachilia 30. Vingine vingali huko.

Kwa hiyo mtu akiniambia "kuwakilisha" na "embodiment" ni mamoja, namwonyesha kigango. Bendera inawakilisha. Kigango, kwa imani ya wenyewe, ni mzee yule yule aliyebadilisha mwili. Katika Kiswahili ningesema "kigango ndicho mzee mwenyewe" na hapo ningeweka nukta.

Sasa zoezi, maana makala ya lugha bila zoezi ni kama ugali bila mboga. Leteni majibu katika mkutano wa chama siku ya Ijumaa. La kwanza: mwelezeni bahili mkubwa kijijini kwenu bila kutumia "mfano", "kielelezo" wala "mkono wa birika". La pili: tungeni kisa cha sentensi tano ambamo Deni ni mtu, naye abaki mtu katika sentensi zote tano, nitazihesabu. La tatu ni ile sentensi yangu ya aibu. Mimi sasa nasema, "Babu alikuwa subira yenyewe." Yule mwenzangu wa bweni la pili, yule wa mazishi, anashikilia kwamba iwe, "Babu alikuwa subira iliyofunga kikoi." Tumebishana tangu muhula wa pili, na mlezi amekataa kuamua.